Ng'ombe Walioilamba Ethi ya Mwalimu Boay

Kazi yangu ilikuwa kuchimba mashimo, na sioni haya kuitaja. Sikuchimba makaburi wala vyoo. Nilichimba mashimo ya kuipeleka radi ardhini moja kwa moja, isipitie kitandani kwa mtu. Nyie vijana mnaopanda mapaa siku hizi kufunga sola na ving'amuzi mmeniomba mara tatu niwaeleze tulivyofanya. Mdomo wangu ukianza haukomi, mnaujua, kwa hiyo nimeona niandike. Shule niliishia darasa la nne pale Nambis. Msitafute mkato na nukta humu, tafuteni maana.

Kwanza niseme linalonikera. Juzi nimepita Mbulu mjini nikaona waya wa ethi, ule wa kuipeleka radi ardhini, umeshuka ukutani, umefika dirishani ukakunjwa, ukafika kona ya nyumba ukakunjwa tena kama kiwiko cha mlevi, halafu umefungwa kwenye msumari. Msumari! Nani kawafundisha? Radi ni dume la ng'ombe lililoshtuka. Lipe njia pana iliyonyooka, litapita na shughuli zake. Liwekee kona, litabomoa ukuta. Waya ushuke mnene, mfupi, umenyooka. Ukilazimika kuupinda, upinde polepole kama barabara inavyoshuka mlima.

Haya. Nimeshatoa hasira, sasa tuendelee.

Mimi niliingia kazi hii kwa sababu ya takataka. Nilikuwa nauza mkaa sokoni Mbulu, na nyuma ya magunia yangu kulikuwa na kilima cha chenga, yale mabaki ya mkaa ambayo hata mwenye njaa hayapikii. Siku moja akaja mzee mmoja mwenye ovaroli na miwani iliyofungwa kwa uzi. Huyo ndiye Fundi Tluway. Alikuwa akitengeneza redio za upepo, zile za kuitana kutoka misheni hadi misheni na zahanati hadi zahanati, kabla simu za mkononi hazijafika huku kwetu.

"Mama, hizo chenga unauzaje?"

"Shikamoo kwanza, baba. Hizo haziuzwi, ni za kutupa."

"Marahaba. Nipe magunia manne."

Nikamwangalia mdomo kama una weusi. "Baba, unazila?"

"Mimi hapana. Nailisha radi."

Basi mtu akikuambia hivyo utabaki sokoni? Nilimwachia jirani meza yangu nikafuata chenga zangu mpaka kwenye zahanati moja ya nje ya mji. Nikakuta wanaume wawili wameegemea masepeto, shimo halijafika magotini, wanasema wamekuta mwamba. Nikachungulia. Mwamba gani, ni changarawe tu! Nikafunga kanga kiunoni, nikashika sururu. Fundi alikuja kuangalia nimeshazama mpaka kifuani.

"Wewe mama, umejifunzia wapi kuchimba?"

"Nina shamba Nambis, baba. Kule hata kiazi unakifuata kwa sururu."

Tangu siku hiyo sikurudi kwenye mkaa. Watu wakaniita Mama Chenga, na mpaka leo wapo wasiojua jina langu la ubatizo.

Fundi Tluway hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini alikufanya ushike kila kitu. Alikuwa ananipa donge la udongo. "Nusa." Nikinusa ananiuliza linanuka nini. Nikisema vumbi, ananiambia sogea, chimba pengine. Nikisema linanuka kama mtungi wa maji, anaitikia kwa kichwa kwamba hapo sawa. Alinieleza kuhusu mlingoti, lile bomba refu linaloshika waya wa redio angani. Alisema mlingoti ni kama mtoto aliyenyoosha mkono darasani. Umeunyoosha mwenyewe, usishangae mwalimu akikuita. Cha kufanya ni kuwa na jibu, na jibu liko chini: nondo za shaba zilizopigiliwa ardhini, zimezungukwa na chenga na udongo unaoshika unyevu, zimeungwa pamoja.

"Nondo moja haitoshi?" nilimuuliza.

"Wewe una mguu mmoja?"

Alinikataza kuunga kwa risasi ya kuchomelea. Radi ikipita ile risasi inayeyuka kama samli na kiungo kinaachia. Vibano vya kukaza kwa spana, basi. Na kibano ukikikaza leo, mwakani urudi ukikaze tena. Alinikataza pia kuifunga shaba moja kwa moja kwenye bomba la bati, maana zikilowa pamoja zinakulana. Na kitu cha tatu alinikataza mara nyingi kuliko vyote, nacho nitawaambia mbele, maana ndicho nilichofanya.

Halafu zikaja zile siku za ruksa. Kila mtu akafungua duka. Vitu vikajaa, na vya uongo vikajaa pamoja navyo. Nondo zikaja nyekundu zinang'aa kama meno ya dhahabu, ndani chuma cha kawaida kimepakwa shaba nyembamba kama ganda la kitunguu. Miaka miwili chini ya ardhi, hakuna kitu. Mimi nikawa natembea na tupa mfukoni. Nikiingia dukani nakwaruza.

Mwenye duka mmoja alinipigia kelele: "Mama, unaharibu mali ya watu!"

"Nimekwaruza rangi. Mali bado naitafuta."

Wateja wakacheka, akanifukuza. Wiki iliyofuata akaniita mwenyewe, akanitolea nondo nzuri kutoka chini ya meza.

Sasa Mwalimu Boay.

Mkoa ulikuwa umegawanywa juzijuzi, tumeacha kuwa Arusha tumekuwa Manyara, na watu walikuwa wanajivunia kuandika Manyara hata kwenye bahasha za michango ya harusi. Mwalimu Boay alikuwa amestaafu kufundisha fizikia akarudi kwao Balangdalalu, Hanang, akajenga nyumba ya bati na mlingoti wa mabomba mrefu kuliko mnara wa kanisa. Alikuwa na redio ya ridhaa. Mimi nilikuwa sijawahi kusikia kitu hicho. Fundi Tluway akanieleza: ni mtu anayepewa leseni na serikali, anakaa nyumbani kwake anaongea na watu wa nchi za mbali asiowajua. Hauzi kitu, hanunui kitu.

"Wanaongea nini, Fundi?"

"Hali ya hewa. Anauliza kwako kukoje, anajibiwa kuna theluji."

"Hawana kazi?"

"Wengi wamestaafu."

Magoti ya Fundi yalikuwa yameshachoka wakati huo. Akanipa mita yake ya kuzungusha kwa mkono, ile inayoonyesha kama ardhi inaipokea radi au inaikataa, sindano ikishuka ndiyo vizuri. Akasema, "Hii kazi ni yako peke yako." Ilikuwa mara yangu ya kwanza. Nilipanda basi nimeikumbatia ile mita kama mtoto mchanga.

Nilipofika nikabisha hodi kwenye nyumba kubwa, sauti ikaitika kutoka jikoni, kibanda cha nyasi nje. Akatoka mama mrefu, mikono ina unga.

"Karibu. Mimi ndiye Mama Elizabeti, mke wa Mwalimu. Huko ndani siingii."

"Kwa nini, mama?"

"Nimehama. Mume wangu ameoa mlingoti."

Akanipeleka mpaka mlangoni, yeye akabaki nje, akaninyooshea kidole kitandani. Niliona. Masika yaliyopita radi ilikuwa imepiga mlingoti, ikafuata waya wa redio mpaka ndani, ikapasua redio, ikarukia kitanda cha chuma. Godoro lilikuwa na tundu jeusi la ukubwa wa sahani, upande wa ukutani, upande wake yeye. Alikuwa ametoka kitandani muda mfupi tu kwenda kuinjika chai.

Mwalimu naye akaja na chaki mkononi. Mtu mwema, ila alijua kila kitu kwa kitabu. Alinichorea ethi yake ubaoni, nzuri kweli. Nikamwambia nioneshe yenyewe. Ilikuwa kipande cha chuma cha urefu wa mwiko, kimechomekwa kwenye tuta la maua.

"Mwalimu, hii unamfungia mbuzi?"

"Nadharia yake ni sahihi," akasema.

Mama Elizabeti akanivuta pembeni. "Sikiliza, mwenzangu. Mafundi wa kiume wamekuja wawili, wote wamesema nirudi ndani hakuna neno, na hawakuchimba hata kishimo cha kuku. Wewe ukiniambia rudi, nitarudi. Nitalala pale pale penye tundu. Kwa hiyo uniambie ukiwa na hakika."

Kuanzia pale sikuwa nachimba kwa ajili ya redio tena. Mkishika nondo mkumbuke hilo. Kuna mtu atalala pale.

Nilichimba siku tatu. Lakini udongo wa kule kiangazi ni mkavu kama unga wa muhogo. Nikipigilia nondo, nikizungusha mita, sindano imekaa juu, inanicheka. Nikaongeza chenga, sindano ikashuka kidogo tu. Na nje ya ua walikuwa wamejaa watu kuangalia mwanamke fundi. Walikuwa wananong'ona. Siku ya nne aibu ikanipanda kichwani. Nikafanya kile alichonikataza Fundi: "Usiweke chumvi. Inakula shaba, na mvua ikinyesha inaondoka. Inakupa sindano nzuri leo, inakusaliti kesho." Nilikuwa nimeyasikia hayo maneno kama mara ishirini. Nikaenda kununua gunia zima la chumvi ile ya ziwani, ya udongoudongo, inayochotwa Balangida kwa ajili ya mifugo. Nikaimwaga yote shimoni, nikafunika kidogo, nikamwagia maji.

Kulikuwa na mzee wa Kidatoga, jirani yao, Mzee Gidamis, amesimama kwa mguu mmoja ameegemea mkuki, shuka jekundu begani. Alikuwa ananiangalia tangu asubuhi. Nilipomwaga chumvi akasema, "Mama, ng'ombe wangu watakushukuru sana."

Nikadhani ananitania. Nikamjibu, "Waambie waniletee maziwa basi." Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Nikazungusha mita. Sindano ikashuka mpaka chini kabisa! Nikamwita Mwalimu akaona, akanipa mkono kama nimefaulu mtihani. Nikaenda jikoni, nikamwambia Mama Elizabeti, "Rudi ndani. Nimeiweka mimi." Akabeba vitu vyake kichwani, wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nikapanda basi kurudi Mbulu nimeinua shingo kama jogoo.

Vuli ilipoanza nilikuwa natoka kazi nyingine upande huo, nikasema nipitie kwa Mama Elizabeti ninywe chai. Ilikuwa mchana, jua kali, ila juu ya Mlima Hanang wingu lilikuwa limeanza kukaa. Nikakunja kona ya ua. Nikawaona.

Ng'ombe sita. Wamepiga magoti kama wako ibadani, vichwa vyote shimoni kwangu, wanalamba. Dume moja lilikuwa linachimba kwa pembe, udongo unaruka. Nondo mbili zilikuwa nje zimelala, ya tatu imepinda, na waya wa kutoka mlingotini ulikuwa hewani unaning'inia kama mkia. Shaba yenyewe ilikuwa ya kijani, imeliwa. Chumvi imekula shaba, ng'ombe wamekula chumvi, na Mama Elizabeti alikuwa ndani akiimba, anakunja nguo juu ya kile kitanda.

Ngurumo ya kwanza ikasikika mbali, upande wa mlimani.

Nikapiga mbio ndani. Mwalimu alikuwa kwenye redio mpya, vipokea sauti masikioni.

"Mwalimu, zima, chomoa waya!"

"Subiri kidogo, niko na mtu wa Ufini."

"Mwambie kwaheri!"

"Hajanipa namba yake ya redio yote!"

Nilimvua vile vidude masikioni mwenyewe, Mungu anisamehe, mtu aliyenizidi elimu na umri. Nikafungua waya wa mlingoti, nikautupa nje dirishani mbali kabisa na ukuta. Kisha nikageuka.

"Mama Elizabeti, toka nje."

"Kuna nini?"

"Ethi haipo. Ng'ombe wameilamba."

"Wameilamba nini?"

"Ethi, mama! Toka!"

Twende wapi sasa? Jikoni kwa nyasi, hapana. Chini ya mti, msijaribu maishani mwenu. Kule nyuma kulikuwa na Lendrova ya Mwalimu iliyokufa zamani, imekaa juu ya mawe, kuku wanatagia viti vya nyuma. Mwili wa bati mzima, milango inafunga. Fundi alikuwa amenifundisha kwamba ndani ya gari la bati radi inapita juu ya bati inashuka zake, mradi usiguse bati. Nikawasukumia humo. Mzee Gidamis alikuwa amekuja kuchukua ng'ombe wake, nikamwambia awaswage waende mbali na mlingoti, kisha nikamwita naye.

"Mkuki ubaki nje, mzee."

"Mkuki wangu haulali nje."

"Basi lala nao wewe!"

Akaulaza chini mbali kidogo, taratibu, kama anamlaza mgonjwa. Akaingia. Mama Elizabeti akamwangalia, akapiga kelele: "Shuka jekundu! Mzee, litaita radi! Livue!"

"Nikilivua nibaki na nini mbele ya mke wa Mwalimu?"

Mwalimu akaanza kueleza kwamba kisayansi radi haina macho ya kuchagua rangi. Kuku mmoja akamrukia kichwani. Mvua ikashuka kama imemwagwa. Na mimi humo ndani, yai limepasuka chini ya makalio yangu, nikaona nisiposema sasa sitasema tena.

"Mama Elizabeti. Niliweka chumvi. Nilikatazwa nikaweka. Nilitaka sindano ishuke watu waone."

 Mzee Gidamis ndiye aliyesema, kwa upole tu, "Nilikuambia."

Halafu ikapiga. Sikusikia mlio, nilisikia mwanga. Tulipotoka baadaye, ngurumo zimekwisha na tumekaa tena kitambo kirefu cha kutosha kuivisha wali, mlingoti ulikuwa umesimama, lakini ukuta wa chumba cha kulala ulikuwa na ufa kutoka msingi mpaka dirishani. Redio nzima. Watu wazima. Hata mayai, ukiondoa nililokalia mimi.

Mama Elizabeti aliingia ndani, akatoka na godoro lake kichwani, akapita mbele yangu kuelekea jikoni. Hakunitukana. Angenitukana ningepata nafuu.

Nilirudi Mbulu kwa Fundi Tluway, nikamweleza kila kitu nimeinamisha kichwa. Nilipofika kwenye ng'ombe kupiga magoti alicheka mpaka akakohoa, miwani ikaanguka. Akapangusa machozi.

"Shimo lenyewe lilikuwa zuri?"

"Zuri, baba."

"Basi nenda kachimbe lingine. Na pole usinipe mimi. Kampe yule mama."

Nilirudi Balangdalalu na nondo nane zilizopita kwenye tupa yangu, mkanda wa shaba, na chenga magunia sita. Safari hii nilikwenda kwanza jikoni. Mama Elizabeti alinisikiliza huku anachambua maharage. Akasema, "Neno lako nilishalichukua mara moja. Sasa nataka mwili wako. Ukimaliza, mvua ikija, wewe ndiye utakayekaa chumbani. Mimi nitakuwa hapa nakuangalia."

"Sawa, mama."

"Na usife. Maharage nimekuwekea."

Andikeni hapa vizuri, maana hii ndiyo kazi yenyewe. Kwanza nilichimba udongo wote wenye chumvi, tukaubeba kwa mkokoteni mpaka kwenye boma la Mzee Gidamis, mbali kabisa. Ng'ombe wakatufuata kama waumini. Mzee akasema hiyo ni faini yangu na ameipokea. Kisha nikapigilia nondo, kila moja ikiwa mbali na mwenzake kwa urefu wake mwenyewe au zaidi, maana zikibanana zinagombania udongo mmoja. Nikaziunga zote kwa mkanda mmoja uliozunguka nyumba nzima chini ya ardhi, na mlingoti ukaungwa humo kwa njia fupi iliyonyooka, ukashuka upande wa nje, mbali na ukuta wa kitanda. Dirishani nikafunga bamba la shaba: kila waya unaotaka kuingia ndani usimame hapo kwanza, ujitambulishe, nalo bamba liungwe kwenye mkanda uleule. Waya wa sola ya Mwalimu pia. Ethi ni moja kwa nyumba nzima. Ukiwa na mbili zisizojuana, radi itapita ndani ya nyumba kutoka moja kwenda nyingine, na ndani ndiko waliko watu.

Mashimo nikayajaza chenga zilizochanganywa na udongo wa mfinyanzi. Nikazungusha mita. Sindano ikashuka, si kama ile siku ya chumvi, ila ilishuka. Bado nilitaka unyevu wa kudumu. Nikaangalia ule ua nikijiuliza ni wapi hapa pana maji mwaka mzima. Nikamwona Mama Elizabeti anamwaga maji ya vyombo, palepale anapoyamwaga kila siku, nyasi za pale ni za kijani hata kiangazi. Nikahamishia nondo tatu pale. Juu yake nikazungushia miiba ambayo hata mbuzi wa Hanang hakanyagi.

Sindano ikashuka mpaka nilipopataka.

Halafu mvua ikakataa kuja. Nikakaa siku nne nasubiri radi kama mtu anayesubiri mchumba. Kila asubuhi Mzee Gidamis anapita, anaangalia angani, anasema, "Leo hapana," anaenda zake. Siku ya tano mchana alisimama muda mrefu. "Leo," akasema, akaenda kuwaweka ng'ombe wake mbali.

Mwalimu alichomoa waya mwenyewe wingu likiwa bado mlimani, bila kuambiwa. Hilo pia liandikeni: ethi nzuri haikupi ruhusa ya kuongea na redio kwenye ngurumo. Chomoa mapema, tupa waya nje, kaa mbali. Nikaingia chumbani, nikakaa katikati kwenye kigoda, miguu juu ya mkeka. Mwalimu akaleta kigoda chake akakaa karibu yangu.

"Mwalimu, wewe hukuambiwa."

"Ni nyumba yangu. Na nadharia ni sahihi."

"Ulisema hivyohivyo kuhusu kile cha kufungia mbuzi."

Tukacheka wote wawili. Kupitia mlangoni nilimwona Mama Elizabeti amekaa jikoni kwenye mlango wake, ingawa nilimkataza pale pa nyasi, bakuli la maharage mapajani, ananitazama machoni. Alikuwa amefunika kioo chake kwa kanga kisiite radi, hata huko jikoni. Ngurumo ikasogea. Nilikuwa naviona vibano vyangu vyote kichwani, kimoja kimoja, najiuliza kile cha kona nilikikaza mara mbili au moja. Nilisali kwa Kiswahili, nikasali kwa Kiiraqw, nikamtaja na Fundi Tluway ingawa alikuwa hai.

Ikapiga. Dirisha likawa jeupe. Kikombe kikaanguka mezani. Kifua kikanigonga kama nimepigwa na mlango.

Halafu mvua tu. Nikashika magoti yangu, yapo. Nikamwangalia Mwalimu, yupo, mdomo wazi. Kitanda kimetulia. Redio imetulia. Ukuta una ufa uleule wa zamani.

Nje nikasikia mtu anapiga kelele: "Nimeiona! Nimeiona! Imeingia shimoni!" Mama Elizabeti alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni anaruka. Penye nondo zangu, pale pa maji ya vyombo, udongo ulikuwa unatoa mvuke kama sufuria iliyofunuliwa. Akashika godoro, akaliweka kichwani, akaanza kuja.

"Rudi! Bado inapiga, rudi ndani!" nilimpigia kelele mpaka sauti ikakauka. "Mwanamke mkaidi wewe, subiri imalize!"

Akarudi. Akasubiri mlangoni amebeba godoro lake kichwani, hakulishusha hata kidogo, mpaka ngurumo ya mwisho ikapita na muda wake ukapita. Ndipo akavuka ua. Akaingia, akalitandika kitandani, lile tundu jeusi akalipeleka ukutani upande wake, akalipigapiga kwa kiganja. Hakuniambia asante. Alinipakulia maharage, tukala watatu juu ya mkeka, na Mzee Gidamis akaja kuwa wa nne na kibuyu cha maziwa. Alisema ng'ombe wametuma.

Tulipomaliza, Mama Elizabeti alikusanya mabakuli akayaosha. Akabeba karai la maji machafu mpaka kwenye ule uzio wa miiba, akainama, akayamwaga polepole juu ya nondo zangu.

"Kunywa," akaliambia shimo. "Umefanya kazi."